Wakichimba historia yangu ya kambini, polisi wa mji watanichukua?

"Shikamoo mama. Nina miaka 31, nimezaliwa Kongo nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, tukaletwa Marekani nikiwa na miaka 19. Mwaka jana nimeapa uraia. Nina mume na watoto wawili, usiku napiga boksi kwenye ghala. Idara ya polisi ya mji wetu inatangaza ajira na hii kazi naitamani tangu mdogo. Mama yangu analia, anasema polisi ni kazi ya rushwa na kuua watu. Mume wangu anasema hawamchukui mtu mwenye lafudhi kama yangu. Rafiki yangu anasema wakichimba historia yangu nimekwisha, maana kambini familia nzima tuliandikiwa tumezaliwa 1 Januari, na mjomba wangu aliyekuja na sisi aliandikishwa kama kaka yangu. Alafu kanisani watu wameanza kuniuliza kama ntakuwa nawakamata wasio na makaratasi. Kazi yenyewe ikoje kiukweli, na mimi nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza mengi lakini naona lililokukaba ni hilo la makaratasi, na una haki ya kuogopa, ntalijibu kwa kirefu. Mimi nimefanya doria kwenye idara ya mji hapa Marekani kwa miaka mingi, na kabla sijastaafu nilikuwa ofisi ya upekuzi wa waombaji, yani ndo hao wachimbaji anaowasema rafiki yako. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekaa upande wa pili wa ile meza.

Kwanza uelewe unaomba kazi wapi. Sisi tuliokulia nyumbani Tanzania tumezoea polisi ni jeshi moja la nchi nzima, juu kuna IGP, unapita depo Moshi alafu unapangiwa Mtwara au Bukoba ambako hujui hata mtu mmoja. Hapa kuna vyombo karibu 18,000 na kila kimoja kina bosi wake na bajeti yake na masharti yake ya ajira. Idara ya mji iko chini ya mji, mkuu wake kwa kawaida anateuliwa na meya au meneja wa mji, mshahara unatoka kwenye kodi za mji. Sherifu ni wa kaunti, mara nyingi anapigiwa kura, na jela ya kaunti kwa kawaida iko mikononi mwake. Polisi wa jimbo ndo hao unaowaona sana barabara kuu. FBI (wapelelezi) na ICE (watu wa uhamiaji) ni wa serikali kuu, hawapokei amri kwa meya wako. Shika hilo maana nusu ya maneno uliyoambiwa yametokana na watu kuchanganya hivi vyombo.

Na kwa sababu kila mji una masharti yake, usikubali mtu wa mji mwingine akuambie huwezi. Matangazo ya ajira ya polisi kule nyumbani yamezoea kutaka kijana ambaye hajaoa wala hajaolewa na hana mtoto, ndo maana wengi wetu tukishapita miaka 25 tunajiona tumechelewa. Hapa ndoa na watoto havikuzuii. Miaka 31 bado uko ndani, New York mwisho wao ni miaka 35 na Los Angeles hawana mwisho kabisa. Elimu inatofautiana sana, miji mingi inatosheka na cheti cha sekondari au GED (mtihani unaohesabiwa sawa na cheti hicho), jimbo la Minnesota wanataka uwe umesoma chuo, New York mwaka 2025 walishusha masharti ya chuo kutoka krediti 60 mpaka 24 na papo hapo wakarudisha mbio za maili 1.5 ndani ya dakika 14 na sekunde 21. Uraia unao tayari kwa hiyo mlango huo umeshapita (wenzako wenye grinkadi wajue California tangu 2023 na Illinois tangu 2024 sheria za jimbo zimeruhusu kuajiri mtu mwenye kibali cha kazi, lakini sehemu nyingi bado wanataka raia).

Sasa mumeo na lafudhi. Mwambie taratibu tu kwamba kukataa mtu kazi kwa sababu ya nchi aliyotoka ni kosa kwa sheria ya Marekani tangu 1964, na nimefanya kazi na askari ambao Kiingereza chao kina ladha ya Lagos, ya Manila, ya Port-au-Prince. Wanachoangalia ni kama unaeleweka kwenye redio, usiku, mvua inanyesha, umetoka kukimbia na pumzi imekata, na mtu wa redio anataka namba ya gari na jina la mtaa sasa hivi. Hapo ndo watu wetu wengi wanapata shida, tunaongea haraka tunameza mwisho wa neno. Ni kitu cha mazoezi. Idara nyingi za miji zinataja herufi kwa majina, Adam, Boy, Charles, David, nyingine zinatumia ile ya kijeshi ya Alpha, Bravo. Uliza mji wenu unatumia ipi alafu uwe unasoma namba za magari kwa sauti ukiwa njiani kwenda kazini, kila siku, mpaka ulimi uzoee.

Kinachonisumbua mimi zaidi ya lafudhi ni kuandika, na hiki watu hawakisemi. Kazi ya doria ni kuandika kuliko unavyofikiria. Umemkamata mtu kwa dakika kumi alafu unakaa saa mbili unaeleza ulimwona wapi, alifanya nini, mkono ulikuwa wapi, kwa nini ulisimamisha gari, nani alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Miezi sita baadaye wakili wa utetezi anakusomea hayo maandishi mbele ya hakimu neno kwa neno na kamera yako ya kifuani inaonyeshwa kwenye skrini pembeni. Kwa hiyo nenda chuo cha jamii cha karibu uchukue hata darasa moja la uandishi wa Kiingereza kabla ya mtihani, itakusaidia kuliko kununua viatu vya mazoezi.

Haya, makaratasi. Utapewa fomu nene sana. Inataka kila nyumba uliyoishi kwa miaka kumi au zaidi, kila kazi, kila deni, kila tiketi ya barabarani, mabosi wa zamani, ndugu, majirani. Mpekuzi anapita mstari kwa mstari, anapiga simu, anagonga milango. Idara nyingi zinaongeza mashine ya kupima uongo, na usishangae, sheria ya 1988 iliwakataza waajiri wengi binafsi kuitumia lakini haikuigusa serikali wala miji. Baada ya hapo kuna mwanasaikolojia na daktari. Inachukua miezi, kwa hiyo ghala usiliache.

Hilo la 1 Januari lisikunyime usingizi. Mpekuzi yeyote wa mji wenye wakimbizi ameshaliona, Wasomali wanalo, Wakongo wanalo, Waburundi, Wasudani, watu wa Afghanistan. Mtu amefika bila cheti, wamekadiria mwaka, wakamwekea siku ya kwanza ya mwaka, basi. Tumia tarehe iliyoko kwenye cheti chako cha uraia kila mahali bila kubadilisha, na pale penye nafasi ya maelezo andika sentensi mbili tu kwamba ulipoandikishwa kama mkimbizi hukuwa na cheti cha kuzaliwa na tarehe ilikadiriwa. Usije ukaandika kwenye fomu ya polisi ile tarehe ambayo mama anaikumbuka kwa msimu wa mahindi, hata kama unaamini ndo ya kweli, hiyo itaje kwenye maelezo, kwenye kisanduku iwe ya cheti.

Anwani ya kambini nayo iandike kama ilivyo, Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, mwaka fulani mpaka mwaka fulani, na zoni na kijiji kama unakumbuka. Kambi ile ipo tangu 1996 na ni kitu cha kuthibitishika, hakuna atakayeshangaa haina jina la mtaa. Ila mpekuzi hawezi kwenda kumhoji jirani yako wa kambini, kwa hiyo mpe watu waliokufahamu kule ambao sasa wako hapa, mchungaji, mwalimu, mama mliyeishi naye jirani, na uwaambie mapema watapigiwa simu, maana watu wetu wakiona namba ya polisi hawapokei. Kutuma hela nyumbani sio kosa, hakuna mtu atakuuliza kwa nini unamlipia bibi dawa. Wanachotazama ni madeni uliyoyatelekeza.

Hili la mjomba kuandikwa kaka ni habari nyingine, hapa nisikilize vizuri.

Najua inavyotokea. Wakati mwingine mjomba na mpwa wamelingana umri, wamelelewa na bibi mmoja, mtu wa kuandikisha akauliza haraka na mkalimani akatafsiri haraka. Wakati mwingine watu wazima walikaa wakakubaliana ili mtu asibaki nyuma peke yake. Hizo hali mbili kibinadamu nazielewa zote ila kisheria zina uzito tofauti, na wewe ukiwa na miaka 19 ulisaini fomu, na mwaka jana ukaapa kwenye maombi ya uraia kwamba uliyoyasema ni kweli. Sasa kwenye fomu ya polisi utaulizwa ndugu zako wa kuzaliwa. Ukiandika ni kaka umeandika uongo mpya kwa idara. Ukiandika ni mjomba umeweka kwenye faili la serikali ya mji maneno yanayopingana na faili la uhamiaji. Kwa hiyo usiguse hiyo fomu kabla hujakaa na mwanasheria wa uhamiaji, ana kwa ana, mlango umefungwa. Kama hela ni shida tafuta shirika la hisani ambalo wafanyakazi wake wameidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia uhamiaji, usiende kwa yule anayejazia watu fomu kwa dola mia. Na uende peke yako. Mjomba awe na mwanasheria wake, maana faida yenu inaweza isiwe moja.

Sio kwamba kila kosa linafuta uraia. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Maslenjak, mama mkimbizi aliyetoka Bosnia, wakasema kwa mashtaka ya jinai ya kupata uraia kinyume cha sheria serikali lazima ionyeshe uongo wenyewe ulichangia yeye kupata uraia, sio uongo wowote tu. Hilo linaweza kukusaidia au lisikuhusu, mwanasheria akishaona faili lako ndo atakuambia. Ndugu zangu wengine mnaosoma hapa, mliojilipua, yani mlioomba ukimbizi kwa jina la nchi ambayo sio yenu, hii inawahusu mara kumi zaidi, na kazi ya upolisi ndo ajira ya mwisho ya kwenda kuomba kabla ya kuongea na mwanasheria.

Sasa nieleze kwa nini wanakazania ukweli namna hii, maana waombaji wengi wanadhani wapekuzi wanatafuta watu wasio na doa. Hapana. Askari wa mji analipwa kuwa shahidi. Umesimamisha gari saa nane usiku, umeona bastola chini ya siti, kesi nzima inasimama juu ya maneno yako. Mahakama Kuu mwaka 1963, kesi ya Brady dhidi ya jimbo la Maryland, ilisema upande wa mashtaka lazima umpe mshtakiwa ushahidi wowote muhimu unaomsaidia, na mwaka 1972 kwenye kesi ya Giglio wakaweka wazi kwamba hata yale yanayomwonyesha shahidi sio wa kuaminika yamo humo. Kwa hiyo askari akishapatikana amedanganya, kwenye ripoti, kwenye uchunguzi wa ndani, mwendesha mashtaka analazimika kumwambia wakili wa utetezi kila akitaka kumtumia. Sehemu nyingi wanatunza majina, watu wa kazi wanaita orodha ya Brady. Ukiingia humo mwendesha mashtaka hakuiti tena mahakamani, na askari asiyeweza kutoa ushahidi mji hauna cha kumfanyia.

Ndo maana mimi nilipokuwa napekua nilikuwa napitisha watu waliofukuzwa kazi, waliofilisika, waliowahi kuvuta bangi zamani wakasema wenyewe. Aliyevuta akaficha nilimrudisha. Bangi yenyewe ilikuwa na kipindi cha kusubiri tu, kuficha hakuna kipindi. Na jina likishaandikwa kwamba ulidanganya kwenye maombi, idara nyingine ukiomba zitauliza umewahi kuomba wapi na zitapiga simu.

Tuje kwa mama yako, na simwambii amekosea kuogopa, aliyoyaona Kongo kayaona. Rushwa hapa ilikuwepo pia, New York tume ya Knapp iliyochunguza polisi mwaka 1972 ilitoa ripoti ya askari waliokuwa wanakula kwa wacheza kamari na wauza dawa, na Los Angeles miaka ya mwisho ya tisini walikuwa na skendo la askari wa kituo cha Rampart. Tofauti ni kwamba mshahara unatosha kuishi (New York unaanzia kama dola 60,000 na baada ya miaka mitano na nusu unapita laki moja ukijumlisha na posho) na ukikamatwa unafungwa kweli. Watu wetu watakujaribu kwa noti ndani ya leseni, wengine hata hawajui ni kosa kubwa, wanaona wanakupa chai tu. Ukiipokea mara moja kwa huruma umekwisha.

Kuhusu kuua, mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Pew Research Center walichapisha utafiti wa askari nchi nzima, asilimia 27 tu ndo walisema wamewahi kufyatua risasi kazini nje ya mazoezi, kwa wanawake ilikuwa asilimia 11. Yani wengi wanastaafu bila kufyatua hata moja. Sheria nayo imefunga, tangu 1985 kwenye kesi ya Garner huruhusiwi kumpiga risasi mtu anayekimbia eti tu kwa sababu anakimbia. Lakini simfichi mama, bastola iko kiunoni na siku inaweza kuja. Mwaka 2023 FBI walihesabu askari 60 waliouawa kwa makusudi nchi nzima, kati ya askari zaidi ya laki saba, na wapo wengi wengine wanaokufa kwa ajali za gari. Funga mkanda, vaa fulana ya risasi iliyopimwa kwa mwili wa mwanamke usikubali ya mwanaume iliyobaki stoo.

Mimi hofu yangu kwako iko sehemu ambayo mama hajaitaja, ni malezi yetu ya kumheshimu mkubwa. Ukimaliza akademi (chuo cha polisi) unakaa kwenye gari na askari mzoefu anayekufundisha, mtindo huu ulianzia San Jose, California, mwanzoni mwa miaka ya sabini na sasa uko karibu kila mahali. Wiki kwa wiki anakupa maksi. Umo kwenye kipindi cha majaribio, wanaweza kukuondoa kirahisi sana. Sasa tarehe 25 Mei 2020 Minneapolis, George Floyd yuko chini na askari Derek Chauvin amemkandamiza shingoni kwa goti mpaka akafa. Pale palikuwa na askari wawili, Kueng na Lane, ambao walikuwa siku zao za kwanza kabisa za kufanya kazi bila mwalimu, na Chauvin ndo alikuwa amemfundisha Kueng. Lane aliuliza kama wamgeuze ubavu, mkubwa akakataa, naye akaishia kuuliza tu. Wote wawili walifungwa. Kueng alihukumiwa miaka mitatu na mahakama ya shirikisho, kwa kutozuia na kwa kutompa mtu huduma, Lane miaka miwili na nusu kwa kutompa huduma. Sheria haikujali kwamba walikuwa wageni.

Wewe umefundishwa tangu utoto kwamba mkubwa hakatazwi mbele za watu. Mimi pia. Nilishaona vijana wetu wazuri kabisa wanaganda hapo, anaona kabisa mwenzake anazidisha lakini mdomo hautoki. Kwa hiyo kabla hujaomba kaa na wewe mwenyewe ujiulize kwa dhati, je utaweza kumshika mkono mtu mwenye miaka ishirini kazini, mbele ya watu, ukamwambia basi, inatosha, alafu ukaandika kwenye ripoti ulichokiona hata kama kesho hakuna atakayekusalimia kwenye kikao cha zamu? Kama jibu ni hapana au sijui, subiri. Hilo ni kubwa kuliko mbio za maili moja na nusu.

Kanisani nako wameuliza swali la maana, usiwajibu kwa kuwafariji tu. Kuondoa watu nchini ni kazi ya ICE, chombo cha serikali kuu. Lakini sheria ya 1996 ina kipengele wanachokiita 287(g) kinachoruhusu idara ya hapa chini kuingia mkataba na serikali kuu na kupewa baadhi ya kazi za uhamiaji, waliosaini wengi ni masherifu ila idara za miji zipo. Majimbo nayo yamegawanyika, California na Illinois zimeweka mipaka tangu 2017, Texas mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kulazimisha ushirikiano. Kwa hiyo muulize ofisa wa ajira waziwazi, idara hii ina mkataba? Askari wa doria anatakiwa kuuliza hali ya uhamiaji? Omba kanuni iliyoandikwa, miji mingi imeweka kanuni zao za kazi hadharani. Ukipata jibu ndo uamue, na ndo uwajibu wa kanisani ukweli hata kama hawataupenda. Na ujue mji unaweza kubadilisha msimamo baada ya uchaguzi wewe ukiwa umeshavaa gwanda.

Lakini ugomvi wako mkubwa na watu wetu hautakuwa uhamiaji, utakuwa ndoa. Utaitwa nyumba ya Mkongo mwenzio, mama ana jicho limevimba, wazee wameshafika, wanakuambia dada we ni wa kwetu, tuyamalize kikao. Majimbo mengi sheria inakutaka au inakulazimisha ukamate ukiwa na sababu za kutosha kuamini mtu kapigwa na wa nyumbani kwake, hata kama mwenyewe aliyepigwa anasema msimchukue. Utamfunga pingu mtu mliyeimba naye kwaya. Akiwa ni ndugu yako wa damu ita gari lingine, ukiwa shahidi wa upande wowote utaharibu kesi. Akiwa ni wa kanisani tu, fanya kazi. Watakusema mwaka mzima. Alafu usiku fulani binti wa mmoja wao atapiga simu aombe aje yule askari anayeongea Kiswahili, hilo nimeliona kwa macho yangu, na ndo sababu natamani watu kama wewe muingie. Kuna idara zinalipa nyongeza kwa lugha, uliza kama Kiswahili kimo kwenye orodha yao, ila ukitakiwa kumsomea mtu haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili tumia kadi iliyotafsiriwa rasmi, usitunge papo hapo, kosa dogo linaweza kufanya maungamo yake yakakataliwa mahakamani.

Nyumbani jiandae hivi. Mtu mpya hachagui zamu, utapewa usiku na wikiendi na Krismasi, masaa kumi au kumi na mawili, na siku yako ya mapumziko unaitwa mahakamani. Wewe usiku umeuzoea lakini ghalani ukitoka umetoka, huku unarudi na picha ya mtoto aliyezama kwenye bafu. Kabla ya kusaini kaa na mumeo na mama yako mpange nani analala na watoto, mwezi mzima mpaka mwezi unaofuata. Uliza pia idara ina utaratibu gani askari akiwa mjamzito, idara nyingine wanakupa kazi ya ofisini, nyingine wanakuacha uhangaike na likizo. Na mambo ya akili sisi tunayaficha sana. Ukiona hulali, unakunywa ili ulale, unawafokea watoto bila sababu, idara nyingi zina wenzako waliofunzwa kusikiliza na washauri wa siri, watumie mapema. Likikujia wazo la kujiua piga 988 muda wowote wa siku, ni bure, usisubiri zamu iishe.

Kama baada ya haya yote moyo unasita, sio lazima uwe mwenye bunduki. Idara hiyohiyo inaajiri wapokea simu za dharura za 911, wasaidizi wa jamii wanaoandika ajali na wizi mdogo, na watu wa kuwasindikiza waathirika mahakamani. Mishahara ya wengi wao iko chini kidogo, ila upekuzi wao nao upo, usidhani la mjomba litapita bila kuonekana.

Kwa sasa mambo mawili tu. Piga simu ofisi ya ajira ya idara, omba kupanda gari na askari zamu moja, idara nyingi zinaruhusu raia, chagua Ijumaa usiku na uangalie wanavyoongea na watu wakidhani husikilizi. Hiyo haihitaji ile fomu nene, watakupa karatasi ya kusaini na watacheki jina lako tu. Na wiki hii weka miadi na mwanasheria, nenda na cheti cha uraia, nakala ya maombi uliyoapia, na karatasi zozote za kambini ulizonazo. Akishakuambia la mjomba limekaaje niandikie tena, fomu ya upekuzi tutaipitia pamoja kuanzia sehemu ya ndugu.